Kutoa picha na mafaili kwenye simu kwenda flashi au diski ya nje bila kompyuta: tuelekezane

Kobe Mwepesi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "simu imejaa, nifute nini?" halikauki humu, na jibu linalotolewa ni lilelile: tafuta flashi, chomeka, hamisha, basi. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa kurejelea, maana hiyo "hamisha" ndiyo inayoliza watu. Naeleza ninavyofanya mimi, wenye ujuzi zaidi mtaongezea na kunikosoa.

Tuanze na simu yenyewe kama inaweza. Android ilianza kupokea vifaa vya USB kwenye toleo la 3.1 mwaka 2011, ila kusoma flashi bila kuongeza programu yoyote kumezoeleka tangu Android 6 ya 2015. Kwa iPhone na iPad mlango ulifunguliwa na iOS 13 na iPadOS 13, mwaka 2019, kupitia ile programu ya Faili. Kwa hiyo simu nyingi zilizo mikononi mwetu zinaweza.

Kama simu ina tundu la USB-C (iPhone ni kuanzia 15), chomeka flashi yenye kichwa cha C au tumia kiunganishi cha C kwenda USB ya kawaida. Kama ni ya micro-USB, unahitaji kebo ya OTG, na hiyo si kebo ya chaji iliyowekewa kichwa kingine. Kile kichwa kidogo kina pini tano. Ya nne inaitwa ID, na kwenye kebo ya OTG imeunganishwa na hasi. Simu ikiona hivyo inajua kwamba safari hii yenyewe ndiyo mwenyeji, inaanza kutoa umeme badala ya kuupokea. Ndiyo maana ukiunganisha kebo mbili za kawaida kwa adapta ya kubahatisha hupati kitu.

Mwenye OPPO, realme, vivo au OnePlus asiseme flashi imekufa kabla hajaingia kwenye Mipangilio na kutafuta "OTG". Simu hizo nyingi zina swichi ya kuwasha, na ikikaa kama dakika 10 bila kazi inajizima yenyewe.

Sasa fomati, yaani mpangilio ambao flashi inatumia kuhifadhi mafaili. FAT32 inasomwa na karibu kila kitu, lakini haipokei faili moja inayofika GB 4. Video ya 4K ya fremu 60 kwenye iPhone inakula kama MB 400 kwa dakika, kwa hiyo kipande cha zaidi ya dakika kumi kinagoma, na mara nyingi ujumbe unaokuja ni "hakuna nafasi" wakati flashi iko nusu tupu. exFAT haina shida hiyo, na iPhone inaisoma vizuri. Kwa Android inategemea mtengenezaji. Microsoft walitoa maelezo ya exFAT hadharani 2019, Linux (ambayo Android imejengwa juu yake) wakaingiza kiendeshi chake kamili 2020, na tangu hapo mambo yamekuwa mepesi, ila simu za zamani bado zinaweza kukwambia "kifaa kimeharibika". Hakijaharibika. Usikubali kufomati hapohapo kama kina vitu ndani. Kichomeke kwanza kwenye kompyuta uone.

NTFS ni ya Windows. Android nyingi haziioni kabisa, nyingine zinaisoma tu bila kuandika.

Sasa pale penye maumivu. Kwenye kidhibiti faili kuna "Nakili" na kuna "Hamisha". Ukichagua Hamisha, simu inafuta kila faili mara tu inapoamini imefika upande wa pili. Kebo ikilegea katikati, umebaki na folda mbili zenye nusunusu na hujui kipi kiko wapi. Mimi Hamisha siigusi. Nanakili, nachomoa kwa utaratibu, nachomeka upya, nafungua mafaili KUTOKA KWENYE FLASHI, ndipo nafuta kwenye simu. Huko kuchomeka upya si mbwembwe. Vile vipicha vidogo unavyoviona baada ya kunakili vinaweza kuwa vimetoka kwenye kumbukumbu ya simu, wala si kwenye flashi. Gusa video iliyo mwisho wa orodha, ipeleke mbele hadi katikati, uone inacheza.

Karibuni.

---

binti_pixel

Ahsante mkuu. Mimi iPhone yangu ni ya tundu la Lightning. Flashi ndogo inasoma, lakini nikichomeka diski ya nje (ile ya kuzunguka, TB 1) inaniletea kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi kupita kiasi. Diski ni nzima, kwenye laptopu inafanya kazi. Nifanyeje?

---

fundi_mitambo

> binti_pixel aliandika: kifaa kinahitaji umeme mwingi kupita kiasi

Dada, hapo simu inakwambia ukweli mtupu. Acha nieleze kwa kirefu kidogo, maana nusu ya "diski yangu haisomi" ni umeme.

Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa hadi miliampea 500 kwa volti 5. USB 3.0 inafika 900. Flashi inatosheka na chini ya hapo. Diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 ina mota ndani, na mota inapoanza kuzungusha sahani inavuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshashika mwendo, mara nyingi inakaribia ampea nzima kwa sekunde chache. Simu haiwezi au haitaki kutoa huo umeme. Ukiiweka diski sikioni unasikia yote: inaanza kuvuma, inagonga *tik*, inanyamaza, inaanza tena. Kila mlio huo ni kichwa cha kusomea kinarudishwa maegeshoni kwa sababu umeme umekatika. Usiiache iendelee hivyo, unaiua.

Kwa simu yako, tafuta ile adapta ya Lightning kwenda USB 3 yenye tundu la pili pembeni la kuingizia chaji. Chaji ikiwa imechomekwa hapo, diski nyingi ndogo zinapanda. Isipotosha, weka katikati habu (kile kifaa cha kugawa tundu la USB) yenye umeme wake wa ukutani, ili diski ivute kwa habu. Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya volti 12, hizo hazikutegemei wewe.

Wa USB-C mna habu zenye tundu la kuchajia zinazofanya kazi hiyohiyo, ila zina tabia moja mbaya. Ukichomeka au kuchomoa chaji WAKATI wa kunakili, simu na habu zinaanza upya kukubaliana nani ampe nani umeme, na kwa sekunde moja hivi diski inaweza kupotea. Hiyo sekunde inatosha kukatiza faili. Chomeka chaji kwanza, subiri, ndipo uanze kunakili, na usiiguse hadi iishe.

Kama bado hujanunua diski, chukua SSD (diski ya chipu). Haina mota.

---

Radi ya Mchana

Mnatisha watu bure. Mimi miaka yote nachomoa tu flashi ikishafika 100%, sijawahi kubonyeza hiyo "Ondoa" na kila kitu kiko sawa. Utaratibu wa kuchomoa ulikuwa wa enzi za Windows XP.

---

Kobe Mwepesi

> Radi ya Mchana aliandika: nachomoa tu flashi ikishafika 100%

Mkuu, 100% ya nani? Ile mistari inahesabu kilichotoka kwenye programu, siyo kilichotua kwenye flashi. Katikati kuna RAM ya simu inayopokea haraka na kuandika polepole. Ni karani anayesema "nimepokea" wakati daftari bado liko mezani halijafunguliwa. Kama flashi yako ina kitaa, kiangalie mstari ukifika mwisho: mara nyingi kinaendelea kuwaka na kuzima sekunde kadhaa. Kwa flashi ya polepole na video kubwa, kinaweza kuendelea muda mrefu tu.

---

fundi_mitambo

Naongezea kwa Radi. FAT32 na exFAT hazina shajara. Mifumo yenye shajara, kama NTFS au ext4, huandika kwanza "nataka kufanya hiki" kabla ya kukifanya, ukikatiza inarudi nyuma ikajirekebisha. exFAT huna hiyo. Tena kwa kawaida FAT32 huweka nakala mbili za ile ramani ya mafaili, exFAT huweka moja. Ukichomoa ramani ikiwa inaandikwa, si faili la mwisho peke yake linaloharibika. Unaweza kupoteza folda nzima iliyokuwepo tangu mwaka jana. Kwamba haijakutokea, ni sawa, siku nyingi haitokei.

---

Radi ya Mchana

Haya bwana, nimekusikia. Sasa iPhone mbona haina hicho kitufe cha kuondoa?

---

Kobe Mwepesi

Matoleo mengi ya iOS hayakuwekewa, kweli. Unachofanya: subiri kile kiduara cha maendeleo kipotee, ingia kwenye folda ya diski, fungua faili moja au mawili, kaa kidogo, toka Faili, ndipo uchomoe. Na wakati wa kunakili acha Faili iwe wazi usoni na skrini isijifunge. Kwenye Android pia, kiokoa betri kikiwa kimewashwa kinapenda kuua kidhibiti faili ukikipeleka nyuma. Kizime kwa muda.

---

Sauti Kavu

Jamani, flashi feki hamjazigusa. Mdogo wangu aliletewa flashi ya "TB 2", nyepesi, haina hata jina la mtengenezaji. Simu ikaonyesha TB 2 kabisa. Kanakili picha za miaka yote, majina yote yakaonekana, ukubwa wote sawa. Kufungua: picha za mwanzo zinafunguka, zilizobaki ni kijivu. Chipu ya ndani ilikuwa ndogo mno, imeandikiwa kudanganya ukubwa. Ikijaa inaanza kuandika juu ya vya zamani au inatupa tu. Bahati yake alikuwa hajafuta kwenye simu.

Kupima: kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinajaza flashi yote kisha zinaisoma yote kulinganisha. Inachukua masaa kwa flashi kubwa, na inapimwa ikiwa TUPU. Fanya hivyo siku unaileta nyumbani, kabla ya kuiamini na kitu chochote.

---

binti_pixel

Hiyo ya Sauti Kavu imenishtua. @fundi_mitambo adapta yenye tundu la chaji imekubali, diski imepanda 🙏🏾 Sasa picha: nikichagua Picha zote na "Hifadhi kwenye Faili" ndiyo sahihi?

---

Kobe Mwepesi

Inafanya kazi, ila angalia mambo mawili. Kwenye menyu ya kushiriki, chini, kuna chaguo la kutoa picha asili ambazo hazijahaririwa. Hilo ndilo linalokupa faili lenyewe kama kamera ilivyoliandika. Pili, ingia kwenye mipangilio ya Picha uone kama umewasha ile ya kuokoa nafasi kwenye iPhone. Ikiwa imewashwa, simu imebaki na vipicha vyepesi na picha kamili ziko iCloud. Kila unayoitoa inabidi ishushwe kwanza kwa intaneti, na ukichagua elfu kadhaa kwa mpigo inakwama njiani kimyakimya. Zitoe kwa mafungu, mwezi mmoja mmoja kwa mfano, na ulinganishe idadi kila fungu.

Na usichanganye hili na bakapu ya iPhone nzima. Bakapu nzima, yenye mipangilio na data za programu, inakwenda iCloud au kwenye kompyuta. Diski uliyochomeka kwenye simu inapokea mafaili tu.

---

Mama Folda

Na mimi niseme langu la WhatsApp, maana ndiko kuliko na picha za familia kuliko hata kamera.

Kuanzia Android 11 mafaili ya WhatsApp yako ndani ya Android, halafu media, halafu com.whatsapp, halafu WhatsApp. Watu wengi wanatafuta folda ya WhatsApp pale mwanzo, hawaioni, wanadhani haipo. Ndani yake kuna Media, yenye picha, sauti na video, na kuna Databases, yenye mazungumzo yenyewe yakiwa yamefungwa kwa siri. Ninanakili folda YOTE ya WhatsApp kama ilivyo. Kurudisha mazungumzo kwenye Android nyingine kunawezekana ukiiweka mahali pake palepale kabla ya kuthibitisha namba, na namba iwe ileile. Kama umewasha bakapu yenye usimbaji wa mwisho hadi mwisho, bila nenosiri au ule ufunguo wa tarakimu 64 hakuna atakayekufungulia.

Kitu kingine ambacho ukishanakili ndipo unakigundua: tarehe. Vidhibiti faili vingine vinaandika kila faili tarehe ya LEO, siku uliyonakili. Picha za kamera haziathiriki sana, maana tarehe imeandikwa ndani ya picha yenyewe. Picha za WhatsApp hazina hiyo taarifa ndani. Kinachookoa ni jina: IMG-20190406-WA0012 ni picha ya tarehe 6 Aprili 2019, ya kumi na tatu siku hiyo kwa sababu inaanza kuhesabu na 0000. Kwa hiyo tafadhali MSIBADILISHE majina. Kuna watu wanapenda kuziita "harusi1, harusi2". Tengeneza folda iitwe harusi, majina yaache.

---

Sauti Kavu

> Mama Folda aliandika: tafadhali MSIBADILISHE majina

Mama kaongea kwa herufi kubwa, mtoto mtulie 😂

---

Nyuzi Tano

Swali: nina SSD nzuri na simu mpya lakini kunakili GB 128 kulichukua zaidi ya saa. Wenzangu wanasema dakika chache. Tatizo SSD?

---

fundi_mitambo

Kebo. Kebo ya USB-C inayokuja na simu, kwa simu nyingi, ni ya kuchajia na ndani ina nyaya za USB 2.0 tu. Hiyo ni megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi. Kwa vitendo unapata megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Piga hesabu ya GB 128 kwa 30, unapata hiyo saa yako na dakika zake. Tumia kebo iliyokuja na SSD.

Halafu angalia simu. iPhone 15 na 15 Plus, pamoja na kuwa na USB-C, mwendo wake ni huohuo wa USB 2. 15 Pro ndizo zinazofika gigabiti 10. Kwa Android nyingi za daraja la kati ni hivyohivyo, tundu la C lakini njia ya ndani ni ya zamani. Kebo ya bei mbaya haitakusaidia hapo.

Na vipicha vidogo maelfu vinachelewesha kuliko video moja kubwa ya ukubwa uleule. Hiyo haina dawa.

---

Radi ya Mchana

Nimechomeka flashi kwenye simu ya mzee, imeniuliza nitumie kama "hifadhi inayobebeka" au "hifadhi ya ndani". Ya ndani si ndiyo inaongeza nafasi ya simu?

---

Kobe Mwepesi

USIGUSE ya ndani, mkuu. Ukichagua hiyo, simu inafomati flashi yote, inaifunga kwa siri, na ufunguo unakaa kwenye simu hiyo tu. Flashi haitasomwa na kifaa kingine. Simu ikifa au ikirudishwa kiwandani, vilivyomo vimekwenda nayo. Kwa bakapu ni kinyume kabisa na unachokitaka. Chagua inayobebeka.

Mwenye Samsung, Smart Switch ina sehemu ya hifadhi ya nje: inachukua majina, ujumbe, programu na mipangilio, inaandika kwenye flashi. Nzuri, ila inarudishwa kwa Smart Switch tu. Picha na video bado zinakili pembeni kama mafaili ya kawaida, ili uweze kuzifungua popote.

---

Mama Folda

Swali langu na mimi: flashi ikiibiwa je? Ina vyeti vya watoto na kila kitu.

---

fundi_mitambo

Mama, flashi ya kawaida haina mlinzi, atakayeiokota anaisoma. Cryptomator ipo kwa Android na iPhone na kompyuta, inatengeneza folda iliyofungwa kwa nenosiri. Weka humo vyeti na vitambulisho tu. Picha za harusi ziache wazi, maana nenosiri ukilisahau hakuna fundi wa kulifungua, mimi nikiwemo.

Na vyeti visiwe kwenye flashi hiyo peke yake. Wapiga picha wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikae nje ya nyumba. Simu ni ya kwanza, diski ni ya pili. Ukifuta kwenye simu, umerudi kwenye moja.

---

Nyuzi Tano

Kebo ya SSD imefanya maajabu, ahsante fundi. La mwisho: nina diski ya zamani ya NTFS imejaa robo tatu, simu haiioni. Kuna namna ya kuibadilisha iwe exFAT bila kupoteza vitu?

---

Kobe Mwepesi

Hakuna ya kuaminika. Nakili vitu kwenye kompyuta au diski nyingine, vihakiki kama nilivyoeleza juu, fomati, virudishe. Na ukifika kwenye kufomati, ukitaka diski hiyo isomwe na iPad pia, tengeneza kizigeu (sehemu ya diski) kimoja tu cha data. Apple wenyewe wanaelekeza hivyo.